Klobetasoli, kalsipotrioli au lami: namna ya kupima faida na hatari za dawa za kupaka za soriasisi

Swali: Nina miaka 34 na nimeishi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka na magamba, kwa miaka sita. Mabaka yako kwenye viwiko, magoti, kiunoni kwa nyuma, kichwani na chini ya matiti. Nilipewa marhamu ya klobetasoli 0.05%. Nilipaka kila siku kwa wiki mbili, magamba yakaisha, nikaacha. Baada ya wiki tatu yakarudi. Tangu hapo napaka kidogo tu ninapoona yamezidi, na tyubu ya gramu 30 imenichukua miezi minne. Chini ya matiti ngozi imeanza kung'aa na kutoka mistari. Nimeshauriwa nihamie kalsipotrioli, lakini nasikia steroidi hukondesha ngozi, kalsipotrioli huumiza figo, na dawa ya lami huleta saratani. Mwaka huu nataka kutafuta mtoto. Ipi kati ya hizi ina faida kuliko madhara?

Jibu:

Dada, tuanze na hiyo tyubu yako, maana inaeleza mengi. Gramu 30 kwa miezi minne ni kama robo gramu kwa siku. Viwiko, magoti na kiuno peke yake vinahitaji kama gramu moja kwa kila mpako. Hesabu yake nitakuonyesha hapa chini. Kwa hiyo mabaka mazito yamekuwa yakipata dawa kidogo mno isiyoweza kuyatuliza, na wakati huohuo ngozi ya chini ya matiti, ambayo ni nyembamba na imefunikwa kutwa nzima, imekuwa ikipata klobetasoli, ambayo ni steroidi ya daraja la juu kuliko yote. Umeogopa pasipo na hatari kubwa, ukajiamini penye hatari yenyewe. Hukufanya hivyo kwa uzembe. Karatasi iliyo ndani ya boksi huorodhesha madhara yote bila kusema yanatokea wapi, kwa kiasi gani na baada ya muda gani, na hayo matatu ndiyo yanayoamua kila kitu.

Neno moja kuhusu majina: nimeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye tyubu, klobetasoli na kalsipotrioli utazikuta zimeanza na herufi C, na mwishoni hazina irabu.

Ya kufanya leo ni mawili. La kwanza, usipake tena klobetasoli chini ya matiti, kwapani, kinenani wala usoni. La pili, hiyo ngozi inayong'aa ikaguliwe na daktari wa ngozi, kwa sababu kuna mambo mawili yanayofanana pale: ngozi iliyokonda kwa dawa, na fangasi waliojificha chini ya steroidi. Fangasi wa sehemu zenye jasho hutulia kwa nje wakipakwa steroidi, wekundu na muwasho vikapungua, huku wao wakiendelea kutambaa. Ukiona vipele vidogo vyenye usaha vimetawanyika pembezoni mwa baka, shuku fangasi. Daktari hukwangua magamba kidogo akayatazama kwenye hadubini, na jibu hupatikana siku hiyohiyo.

Dawa inapingana na nini

Kwenye ngozi ya kawaida, seli huchukua takriban wiki nne tangu zizaliwe kwenye tabaka la chini hadi zipukutike juu. Kwenye baka la soriasisi kazi hiyo huisha kwa siku tatu hadi tano. Seli hufika juu zikiwa bado changa, zinashikana, zinarundikana kuwa magamba, na chini yake mishipa midogo ya damu imetanuka. Anayezisukuma ni kinga ya mwili yenyewe. Uchafu hauhusiki, na ugonjwa hauambukizi. Dawa ya kupaka haiondoi chanzo hicho. Inatuliza kinga pale ilipopakwa na kurudisha mwendo wa seli kwenye kasi yake. Ndiyo maana mabaka yako yalirudi. Kurudi kwake si ushahidi kwamba dawa ilishindwa. Ulichokosa ni mpango wa baada ya wiki zile mbili.

Steroidi

Kwa mabaka ya viwiko na magoti, steroidi ndizo zinazofanya kazi haraka kuliko dawa nyingine za kupaka. Muwasho hupungua ndani ya siku chache na magamba hulainika ndani ya wiki mbili hadi nne. Hilo ni pato kubwa, na si la sura tu: baka lililopasuka huuma, hutoa damu na hufungua mlango wa bakteria.

Kosa la kwanza la wengi ni kusoma asilimia. Haidrokotisoni ya 1% inaonekana kali kuliko klobetasoli ya 0.05%, wakati ukweli ni kinyume kabisa. Haidrokotisoni 1% iko daraja la chini. Klobetasoni ya 0.05% iko daraja la kati (angalia herufi za mwisho, si klobetasoli). Betamethasoni valerati 0.1% na mometasoni 0.1% ni kali. Klobetasoli propionati 0.05% ni kali kuliko hizo zote. Asilimia inasema dawa ni kiasi gani ndani ya krimu. Haisemi ina nguvu gani ikifika kwenye seli.

Kosa la pili ni kudhani ngozi ni moja mwili mzima. Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipaka haidrokotisoni sehemu mbalimbali za mwili, kisha wakapima ni kiasi gani kimeingia. Wakichukua sehemu ya ndani ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, kuwa kipimo cha 1, unyayo ulipitisha 0.14 tu. Kichwa kilipitisha mara 3.5, kwapa mara 3.6, paji la uso mara 6, taya mara 13, na ngozi ya korodani mara 42. Baka zito la kiwiko lina ukuta wa magamba ambao dawa lazima iuvuke kwanza. Chini ya titi hakuna ukuta huo, kuna jasho, na ngozi mbili zimelaliana kama vile umefunika kwa plastiki. Tyubu ileile, mikono ileile, lakini dozi inayoingia ni tofauti sana.

Sasa kukonda kwa ngozi. Steroidi kali hupunguza utengenezaji wa kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi unene na uimara. Kwanza ngozi inang'aa na kukunjamana kama karatasi ya sigara, kisha vijishipa vyekundu vinaonekana, halafu michubuko hutokea kwa kuguswa kidogo, na mwisho michirizi kama ile ya ujauzito. Hatua za mwanzo hurudi nyuma polepole ukiacha dawa, kwa wiki hadi miezi. Michirizi haifutiki, hufifia rangi tu. Ndiyo maana nang'ang'ania hilo la chini ya matiti: mistari unayoiona ikithibitishwa kuwa michirizi, iliyopo itabaki, lakini mingine unaweza kuizuia kuanzia leo.

Hatari ya kwenda mwilini nayo ina namba. Kwa klobetasoli, kikomo kinachoandikwa ni gramu 50 kwa wiki kwa mtu mzima, na muda wa wiki mbili mfululizo; miongozo mingine huruhusu hadi wiki nne chini ya uangalizi. Hata hivyo kushuka kwa utengenezaji wa kotisoli ya mwili, homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, kumeonekana hata kwa watu waliotumia gramu 2 tu kwa siku. Kwa hiyo usiione 50 kama ruhusa; ni ukuta wa mwisho. Mtu anayepaka gramu moja kwa siku kwa wiki mbili, kwenye viwiko na magoti, bila kufunika kwa plastiki, yuko mbali na hatari hiyo. Anayepaka mwili mzima kwa miezi ili ngozi iwe nyororo au nyeupe yuko ndani yake. Krimu nyingi za kuchubua zina klobetasoli, nyingine hata bila kuitaja kwenye kifungashio, hivyo ukitumia chochote cha aina hiyo, mwambie daktari bila aibu. Dozi zinajumlishwa.

Jihadhari pia na krimu za mchanganyiko zenye steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria ndani ya tyubu moja. Mara nyingi steroidi iliyomo ni kali, na kwa soriasisi hizo nyingine mbili hazikusaidii kitu.

Hesabu ya kidole

Kata hadithi za "paka kidogo". Kipimo kinachotumika duniani kote ni ncha ya kidole: kamua dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia kwenye mkunjo wa kiungo cha mwisho hadi nchani, kutoka tyubu yenye mdomo wa milimita 5. Mstari huo una takriban nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili, vidole vikiwamo. Kiganja kimoja pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili.

Pima mabaka yako kwa kiganja chako. Tuseme kila kiwiko ni nusu kiganja, kila goti ni kiganja kimoja, na kiuno ni kiganja kimoja. Jumla ni viganja vinne, yaani ncha mbili za kidole, yaani gramu moja kwa mpako. Mara moja kwa siku kwa siku 14 ni gramu 14, nusu ya tyubu yako. Kama tyubu bado imejaa baada ya wiki mbili za kupaka "kila siku", unapaka pungufu. Kama imeisha ndani ya wiki moja, unapaka kupita kiasi au eneo ni kubwa kuliko unavyodhani.

Namna ya kupaka ina maana yake. Oga kwa maji ya vuguvugu kwa dakika kumi hivi, jikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua. Paka dawa kwenye baka tu, usivuke kingo, kwa kuipapasa hadi ibaki tabaka jembamba linalong'aa. Subiri dakika 20 hadi 30, kisha paka mafuta ya mgando au kilainishi kingine kisicho na manukato, kwa wingi, kwenye baka na ngozi inayolizunguka. Ukivipaka pamoja, unaisambaza dawa kwenye ngozi isiyo na baka na kuipunguza palipohitajika. Marhamu, yaani ile yenye mafuta mazito, hupenya magamba vizuri kuliko krimu. Krimu inafaa mahali penye unyevu, na losheni, jeli au povu hufaa penye nywele. Tahadhari moja ambayo watu wengi hawaijui: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta hayo kwa siku nyingi hushika moto kwa urahisi sana. Kaa mbali na moto wa wazi, na ufue mara kwa mara.

Lini uache? Usiangalie rangi. Baada ya baka kupona, ngozi hubaki nyeusi zaidi au nyeupe zaidi kwa miezi, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi, na watu wengi huendelea kupaka steroidi wakikimbiza rangi ambayo dawa hiyo haiwezi kuirudisha. Mbaya zaidi, steroidi yenyewe hufifisha rangi ya ngozi, basi kadiri unavyopaka ndivyo weupe unavyozidi. Funga macho, pitisha kidole kutoka kwenye ngozi isiyo na baka hadi kwenye baka. Kama huwezi kusema baka limeanzia wapi, kazi ya steroidi ya kila siku imekwisha.

Na hapo usiache ghafla kama ulivyofanya mwanzo. Shuka: siku moja paka, siku moja ruka, kwa wiki moja au mbili, kisha bakiza siku mbili tu za mwisho wa wiki. Steroidi kali ikikatwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko ulivyokuwa, na mara chache ukaja kwa sura ya vipele vya usaha mwili mzima. Hiyo ni dharura ya kwenda hospitali.

Kalsipotrioli

Ushauri uliopewa ni mzuri, ila nadhani umeelezwa vibaya. Usihame kutoka dawa moja kwenda nyingine siku moja, zipishane. Kalsipotrioli ni ndugu wa vitamini D, mikrogramu 50 kwa kila gramu. Hupunguza kasi ya seli kuzaliana na huzisaidia kukomaa. Haikondeshi ngozi, na inaweza kutumika kwa miezi. Udhaifu wake ni uvivu: tarajia wiki nne hadi nane kabla ya kuona faida kamili. Anayeanza nayo peke yake mara nyingi hukata tamaa wiki ya tatu, ilhali dawa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufanya kazi.

Hofu ya figo ina msingi, lakini tuipime. Kalsipotrioli ikiingia mwilini kwa wingi hupandisha kalsiamu ya damu, na kalsiamu nyingi huumiza figo. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 100 kwa wiki. Wewe, ukipaka gramu moja mara mbili kwa siku, unatumia gramu 14. Ukiwa huna ugonjwa wa figo wala tatizo la kalsiamu, na humezi vitamini D au kalsiamu kwa dozi kubwa, hofu hiyo si ya kukunyima dawa.

Usumbufu utakaokutana nao kweli ni ngozi kuwasha na kuchoma, hasa dawa ikifika usoni au kwenye mikunjo. Nawa mikono kila baada ya kupaka, maana mkono uliogusa dawa ukigusa kope usiku utaamka na uso umevimba. Kuna mitego mingine miwili. Asidi ya salisiliki, dawa ya kulainisha magamba, huiharibu kalsipotrioli kabisa. Ukipaka marhamu ya salisiliki asubuhi bila kuoga na kalsipotrioli jioni, umetupa pesa. Mwanga wa jua na wa taa za tiba pia huivunja, basi kwa anayetibiwa kwa mwanga, hupakwa baada ya mwanga, kamwe si kabla.

Ipo tyubu moja yenye kalsipotrioli na betamethasoni dipropionati pamoja, hupakwa mara moja kwa siku kwa hadi wiki nne. Kwa mabaka kama yako mchanganyiko huo hushinda kila moja ikiwa peke yake, kwa sababu steroidi hutuliza mchomo wa kalsipotrioli na kalsipotrioli hupunguza siku za steroidi. Ukiikosa, zitenganishe: steroidi asubuhi, kalsipotrioli usiku, bila kuzichanganya kiganjani. Baada ya wiki mbili hadi nne, mabaka yakilainika, kalsipotrioli ibaki siku tano za wiki na steroidi siku mbili. Huu ndio mpango ninaoupendelea kwa viwiko, magoti na kiuno chako, daktari wako akikubali na akikuona tena baada ya wiki nne.

Kichwani

Kichwani dawa hushindwa kwa sababu moja kubwa: haifiki. Inabaki juu ya magamba na kwenye nywele. Kwa hiyo magamba yaondoke kwanza. Jioni, gawa nywele kwa kitana mistari ya kila sentimita moja au mbili, paka mafuta, au marhamu yenye asidi ya salisiliki 3% hadi 5%, kwenye ngozi yenyewe, mstari kwa mstari. Funika kwa kofia ya plastiki kwa saa kadhaa au usiku kucha. Asubuhi, legeza magamba kwa kitana ulichokilaza karibu bapa na ngozi, ukikizungusha taratibu, kisha osha. Usibandue kwa kucha. Kwenye soriasisi, ngozi iliyojeruhiwa huota baka jipya palepale, na nywele hung'oka pamoja na gamba. Magamba yakishakwisha, baada ya usiku mmoja au kadhaa, paka losheni ya betamethasoni au klobetasoli kwenye mistari ileile kwa wiki mbili hadi nne, kisha shuka kama nilivyoeleza. Nywele zilizosukwa huwezi kuzitibu vizuri; zifumue kwa kipindi cha mwanzo. Kwa kuwa unatumia salisiliki hapo, kalsipotrioli isipelekwe kichwani kipindi hichohicho. Na eneo la salisiliki lisiwe kubwa mwilini: likivuka kama asilimia 20 ya ngozi inaweza kuingia kwenye damu, dalili ya kwanza ikiwa masikio kuvuma na kichefuchefu.

Chini ya matiti

Hapa haidrokotisoni 1% mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki moja hadi mbili tu, kama daktari amethibitisha kwamba si fangasi. Ikihitajika muda mrefu zaidi, dawa inayofaa ni takrolimasi 0.1% au pimekrolimasi 1%, dawa za kupaka zinazotuliza kinga ya ngozi bila kuwa steroidi. Hazikondeshi ngozi kabisa. Huchoma kama pilipili siku chache za mwanzo, kisha hupoa. Anayejua hilo mapema havunjiki moyo. Mwaka 2006 Marekani iliweka onyo kali kwenye maboksi yake kuhusu saratani ya tezi za limfu, kwa kuangalia majaribio ya wanyama na taarifa chache za wagonjwa. Hadi leo haijathibitishwa kwamba dawa hizi za kupaka husababisha saratani hiyo kwa binadamu. Kwa eneo dogo kama lako, kati ya uwezekano usiothibitishwa na michirizi ambayo tayari imeanza, mizani inaelekea wazi upande wa takrolimasi.

Lami na wengine

Hofu ya lami ya makaa ya mawe ina historia ya kweli. Mwaka 1775 daktari Mwingereza Percivall Pott alieleza saratani ya ngozi ya korodani kwa wasafishaji wa mabomba ya moshi, waliokaa na masizi mwilini tangu utotoni. Lakini masizi ya kazini kwa miaka si lami ya dawa kwa wiki. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 13,000 wa soriasisi na ukurutu, haukukuta ongezeko la saratani kwa waliotibiwa kwa lami. Shida zake za kila siku ni harufu, madoa kwenye nguo, vipele kwenye vinyweleo, na ngozi kuungua kirahisi juani. Shampuu ya lami iliyoachwa kichwani dakika 5 hadi 10 kabla ya kuosha ni msaidizi mzuri, ila yenyewe peke yake haitamaliza baka zito.

Dithranoli ni dawa ya zamani na nzuri kwa mabaka machache makubwa, hupakwa kwa dakika 10 hadi 30 na kuoshwa, kuanzia 0.1%. Inachoma ngozi isiyo na baka na kuacha rangi ya kahawia kwenye kila inachogusa, basi wengi huiacha. Tazaroteni, ya jamii ya vitamini A, wewe usiiguse: haitumiki kabisa kwa mwanamke anayetafuta mimba. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa mbili mpya zisizo steroidi, tapinarofu 1% na roflumilasti 0.3%, zinazopakwa mara moja kwa siku. Ya pili imejaribiwa hata kwenye mikunjo, lakini haifai kwa mwenye ugonjwa wa ini wa kiwango cha kati au kikubwa. Ziko mbali na mikono ya wengi kwa sasa, na taarifa zake kuhusu ujauzito ni chache.

Mimba

Kwa wengi soriasisi hutulia wakati wa ujauzito na kuamka baada ya kujifungua, kwa hiyo panga dawa kwa vipindi vyote viwili. Vilainishi ndivyo vya kwanza. Steroidi za daraja la chini na la kati hazijaonekana kumdhuru mtoto. Zile kali na kali kabisa zimehusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo pale jumla ya ujauzito mzima inapozidi gramu 300. Weka hesabu yako hapo: gramu 1 kwa mpako, siku mbili kwa wiki, kwa wiki 40, ni gramu 80. Bado ningependa ushuke daraja mapema, lakini ukijikuta una mimba ukiwa kwenye mpango huu, usipatwe na hofu wala usiache ghafla. Piga simu kliniki. Kwa kalsipotrioli taarifa za wajawazito ni chache, hivyo jadili na daktari kabla ya kuacha uzazi wa mpango, si baada. Epuka kupaka salisiliki eneo kubwa, na lami iache hasa miezi mitatu ya mwanzo. Wakati wa kunyonyesha, usipake kitu chochote cha dawa kwenye chuchu.

Ukishauriwa vidonge, sema wazi unatafuta mtoto. Methotreksati haitumiki kwa anayetafuta mimba, na asitretini inahitaji kungoja miaka mitatu baada ya kuiacha ndipo ushike mimba. Na ukipewa predinisoloni, steroidi ya kumeza, kwa ajili ya soriasisi, uliza kwa nini, maana ikikatwa ndiyo inayojulikana kwa kuamsha ile soriasisi ya usaha.

Mpaka wa dawa za kupaka

Ukifuata mpango huu kwa dozi kamili kwa wiki nane na mabaka hayajakonda, tatizo si bidii yako. Vilevile mabaka yakizidi viganja kumi, kupaka kwa mikono kunakuwa kazi isiyowezekana na madhara yanaanza kulingana na faida. Hapo kinachofuata ni tiba ya mwanga wa UVB (aina ya miale ya urujuanimno) wa nanomita 311, ambayo kwa anayetafuta mimba ni chaguo zuri. Daktari aulizwe pia kuhusu dawa nyingine unazomeza: lithiamu, dawa za presha za jamii ya propranololi na baadhi ya dawa za malaria kama klorokwini zinaweza kuchochea ugonjwa, na koo lenye bakteria linaweza kumwaga vibaka vidogo mwili mzima ndani ya wiki chache.

Nenda siku hiyohiyo ukiona ngozi karibu yote imekuwa nyekundu au imeiva na kuwa ya moto, una homa na kutetemeka, au vipele vya usaha vimetapakaa. Na usisubiri kama vidole vimevimba kama soseji, visigino vinauma asubuhi, au viungo vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa baada ya kuamka. Hiyo inaweza kuwa soriasisi ya viungo, na hakuna marhamu inayofika kwenye kiungo.

Ukienda kliniki, chukua tyubu zote, hata zilizoisha, pamoja na tarehe ulizozifungua. Kwa hizo mbili, gramu na tarehe, daktari ataona dozi yako halisi kabla hujafungua mdomo.